Stempu ya Sita Haikuwepo

Kwanza nimjibu yule aliyeniandikia wiki iliyopita akaniita mchawi aliyekosa ungo. Hukuweka jina, mpenzi msomaji, ukadhani umejificha. Lakini umenitukana kwa postikadi, na postikadi ina muhuri. Muhuri wako unasema Utica, posta ya stesheni, Jumanne, saa tatu asubuhi. Stempu umeibandika kichwa chini, na wino umeuburuza kwa kiganja kabla haujakauka. Wewe ni mtu wa treni ya saa tatu, una haraka, na unaandika kwa mkono wa kushoto. Nisalimie mkeo.

Haya. Tuendelee na aibu yangu, maana najua ndiyo mnayonunulia gazeti hili.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni Orpha Whitbeck, na mwaka ule wa 1909 nilikuwa karani katika posta ya Stowell Falls. Mdogo wangu Lovina alikuwa amechumbiwa na Delbert Crandall, kijana mwenye meno mazuri na kichwa cha kuwekea kofia tu. Mwezi wa saba Delbert aliaga kwamba anakwenda Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi, kufanya kazi kwenye Maonyesho makubwa, na kwamba angerudi mwezi wa kumi wafunge ndoa. Kila wiki ikaja kadi kutoka Seattle. Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipogundua, harusi ikiwa imebakiza siku nne, kwamba Delbert hakukanyaga Seattle hata kwa unyayo mmoja.

Leo nawaeleza nilivyojua, na kilichonipata kwa kujua.

Mji wetu ulikuwa unaugua kadi. Senti moja tu, na kila mjinga akawa mwandishi. Bi Tabitha Loomis alikwenda Niagara siku mbili akajiandikia mwenyewe kadi sita, ili akirudi azikute mezani na majirani wazione. Mchungaji alimwandikia mkewe kutoka mtaa wa pili. Vijana nao walikuwa wakipinda stempu: ikiegemea kulia, nakupenda, ikiegemea kushoto, usinisahau. Watu wazima walikosana na kununiana kwa ajili ya gundi.

Na maneno yao! Nimefika salama. Hali ya hewa nzuri. Dirisha la chumba changu ni hilo nililolitia alama. Ungekuwepo ungefurahi. Niliyasoma hayo mara elfu, na sikuona haya kuyasoma, kwa sababu anayetaka siri hununua bahasha.

Lakini maneno niliyapitia tu nikiyacheka. Nilichokisoma kwa dhati ni muhuri. Maneno huandikwa na mtu, na mtu ni mwongo; muhuri hugongwa kwa chuma, na chuma hakina mchumba. Picha ndizo kabisa sikuzitazama. Picha niliwaachia watoto na mama yangu.

Kadi za Delbert zilikuwa tisa. Lovina alizipanga kwenye albamu ya mahameli, akaitembeza mji mzima kama mtoto mchanga anayepelekwa kuonyeshwa kwa bibi zake. Zote zilikuwa na muhuri wa Seattle, safi, wa kila Jumamosi. Ndiyo maana nilichelewa kumshika yule kijana. Niliuamini muhuri.

Kilichonizindua ni kanisa. Radi ilipiga kanisa letu mwezi wa saba, mnara wote ukaungua, na Lovina akamwandikia Delbert kurasa nne za machozi. Kisha ikaja kadi ya mwezi wa tisa: "Kila siku nauota mnara mweupe wa kanisa letu, nikiwaza tutakavyotoka chini yake."

Mama alilia kwa furaha. "Anauota! Mmesikia? Anauota!"

"Mama, mnara si umeungua?"

"Ndiyo maana anauota, mwanangu. Kitu kilichopo hakiotwi."

Na mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali! Nikajiambia, hawa ndio watu niliozaliwa nao.

Sasa, watu wetu wana tabia moja. Mtu akitamani muhuri wa mji wa mbali kwa ajili ya mkusanyo wake, huandika kadi, huibandika stempu, huitia kwenye bahasha na kumtumia jamaa aliye huko, amtumbukizie kwenye sanduku. Kadi hurudi na muhuri wa mji ambao mwenyewe hajawahi kuuona. Wakusanya mihuri hufanya hivyo kila siku ya Mungu. Kama mtu anaweza kutuma moja, kipi kinamzuia kutuma tisa, kila moja na tarehe yake, na jamaa azitumbukize wiki kwa wiki?

Jumanne, Lovina alipokwenda kujaribu gauni la harusi, nilichomoa kadi nne za kwanza kwenye albamu yake. Nikaziloweka. Stempu zikabanduka. Nikazilaza kwenye karatasi, zikiwa zimeinamisha nyuso, nikazisogeza ubavu kwa ubavu.

Mnazijua stempu zinavyochanwa: kila moja hubaki na vimeno pembeni. Anayechana kwa utaratibu huacha vimeno sawasawa. Delbert hachani, Delbert anagombana. Huku kimeno kirefu, huku shimo, huku kipande cha jirani kimeng'oka. Na zile stempu nne ziliingiana kama taya la juu na la chini. Ya pili ilikamata ya kwanza, ya tatu ikakamata ya pili, ya nne ikakamata ya tatu.

Anayenunua stempu kila wiki hapati ndugu wa tumbo moja. Zile zilichanwa siku moja, kwenye meza moja, na mtu mmoja mwongo.

Nikacheka peke yangu hadi nikashika ubavu. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alitaka kuirefusha hadi Seattle!

Ningeweza kumwita Lovina pembeni nikamwambia taratibu. Dada mwenye huruma angefanya hivyo. Mimi nilitaka watazamaji.

Jumatano saa tisa alasiri niliwakusanya posta, dirisha likiwa limefungwa kungoja treni ya saa kumi na dakika kumi. Kwa treni hiyohiyo, kadi yake ya mwisho ilisema, Delbert angewasili "kutoka magharibi". Alikuwepo mama, kofia kichwani na kikapu cha biskuti za kumpokelea mkwe. Alikuwepo Lovina na albamu yake kifuani. Alikuwepo Postamasta Stroud, mzee mkavu, ambaye katika miaka yangu sita pale alinisifu mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa.

Mimi nilikalia kigoda changu kirefu, chenye mto alionishonea Lovina siku yangu ya kuzaliwa. Nikaanza hotuba.

Nilipofika kwenye kuloweka, Lovina aliifungua albamu haraka, akaona kadi nne zina pembe tupu.

"Umezibandua? Dada! Umezibandua kadi zangu?"

"Stempu tu. Kadi zipo."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mjinga haombwi ruhusa ya kuokolewa."

"Orpha!" mama akafoka. "Huyu ni mdogo wako, si mbwa wa jirani."

"Basi atazame." Nikaisukuma ile karatasi yenye stempu nne mbele ya Postamasta. "Na wewe, Bwana Stroud, sema mwenyewe. Hizi zilinunuliwa wiki nne tofauti?"

Mzee akatoa lenzi yake mfukoni, akaipangusa kwa tai, akainama. Akakaa ameinama mpaka mama akaanza kula biskuti za mkwe.

"Ni za safu moja," alisema mwishowe. "Angalia hii ya kwanza. Upande wake wa kushoto hauna meno, umenyooka. Huo ni ukingo wa shiti, ile karatasi nzima ya stempu. Hii ndiyo iliyoanza safu."

"Umesikia, Lovina?"

"Nimesikia safu," Lovina alisema. "Labda alinunua nyingi siku moja akaziweka mfukoni. Watu hawanunui nyingi? Mama si hununua kumi kumi?"

"Hununua," mama alisema. "Huniishia nusu kwa kuzipoteza."

"Umeona? Amezinunua Seattle siku moja, akawa anatumia moja moja."

Nikamcheka. Nakiri, nilimcheka mdogo wangu usoni. "Na kanisa? Na mnara anaouota?"

"Bi Orpha," Postamasta akanikatiza. "Binti ana hoja. Stempu nne si ushahidi, ni mwanzo wa ushahidi. Zilowekwe zilizobaki. Kama kadi zote ziliandaliwa kwa mpigo mmoja, zote zitashikana, na wino wa anwani tutaulinganisha. Lete zote, Bi Lovina. Bi Mkubwa, tafadhali nipe birika hilo hapo juu ya jiko."

Zote.

Sasa nikiri nililowaficha ninyi wasomaji wangu wiki zote hizi, mlioniita mchawi kwa makosa madogo na hili kubwa hamkuliona.

Kadi hazikuwa tisa. Zilikuwa kumi.

Katikati ya mwezi wa nane kulikuwa na wiki ambayo Lovina hakupata kadi. Alilia siku tatu. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, akatulia kidogo, lakini kila siku alikuja dirishani kuiulizia ile iliyopotea. Tarehe thelathini, Jumatatu, ikafika. Niliishika mimi mwenyewe. Tarehe iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa 14 Agosti, Seattle. Nikasoma maneno.

"Msalimie dada yako msomaji wa kadi za watu. Mwambie wanaume wa huku magharibi wana shida ya wanawake na hawachagui, nitamletea mmoja mwenye macho mabovu."

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Najua. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilijua kadi ile ikifika mikononi mwa Lovina itaingia kwenye albamu, na albamu itaingia kila sebule ya Stowell Falls, na kila mwanamke mwenye mume goigoi angenicheka akijifuta machozi. Sikuigonga muhuri wetu wa kupokelea. Niliitia ndani ya mto wa kigoda changu na kushona pale nilipopafumua.

Kuichoma sikuweza. Karani wa posta niliyekula kiapo naweza kuiba kadi ya Serikali, lakini kuichoma kulinishinda. Kila mtu na heshima yake.

Jioni ile Lovina aliuliza tena. Nilimpikia supu ya kuku, nikamwambia wanaume ndivyo walivyo.

Kwa hiyo nilipoiandaa hotuba yangu ya Jumatano, nilipaswa kujua. Mtu mwenye akili zake anayeiba kadi moja kati ya kumi haiti watu kuzipanga kwa mfululizo. Lakini nilikuwa nimelewa ujanja wangu mwenyewe. Nilipima nne, zikaingiana, nikasherehekea. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelikalia.

"Zitaharibika," nikasema. "Bwana Stroud, maji ya moto yatachafua wino."

"Umeziloweka nne hazikuharibika."

"Muda hautoshi. Treni inakuja."

"Dakika arobaini," alisema, akimimina maji kwenye beseni. "Stempu hubanduka kwa kumi."

Lovina akazitia kadi zake mwenyewe majini, moja moja, kama anayeogesha kitoto. Nilikaa nikizitazama pembe zikilegea. Ya tano kwa mpangilio wa tarehe ilielea kwanza. Mzee akaivua kwa kibanio, akaikausha, akailaza kando ya ya nne. Ikakamata.

"Tano," alisema.

Akaichukua iliyofuata, ya tarehe 21 Agosti. Akaisogeza. Akaigeuza. Akaisogeza tena.

"Hii haikubali."

"Basi!" Lovina aliruka. "Si nimesema? Ni ya siku nyingine! Alinunua nyingine! Dada umeaibika!"

Na mimi, wasomaji wangu, nilitamani iwe hivyo. Nilitamani kwa moyo wote niwe nimekosea, Delbert awe malaika, harusi ifungwe chini ya magofu ya kanisa na watoto wazaliwe. "Labda nimekosea," nikasema.

Mama aliacha kutafuna. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema neno hilo.

Postamasta hakutusikiliza sote wawili. Alikwisha zivua zile tatu zilizobaki. Hizi zilishikana na ile iliyokataa, na zenyewe kwa zenyewe. Akazipanga: tano upande huu, nne upande ule. Katikati akaacha nafasi. Akachukua kipande cha karatasi tupu, akakikata kwa kipimo cha stempu moja, akakiweka pale kwenye pengo. Kilienea.

"Safu ina stempu kumi," alisema polepole. "Hapa kuna tisa. Ya sita haipo. Bi Orpha alisema kweli, zote ni za mpigo mmoja. Alizibandika siku moja na kuzituma kwa mtu. Lakini moja haikufika."

Lovina aliketi. Sura yake ilikuwa imetoka rangi kwa ajili ya Delbert, hilo lilikwisha mwingia akilini. Lakini macho yake yalibaki kwenye kile kikaratasi cheupe.

"Wiki ya tarehe kumi na nne," alisema. "Ile wiki niliyolia."

"Zinapotea njiani, mwanangu," mama akasema. "Maili elfu tatu zile."

"Mama, kadi zinaingia mji huu kupitia mikono ya nani?"

Postamasta akanitazama. Nilijishughulisha na birika.

"Dada," Lovina alisema. "Unakumbuka peremende za shangazi? Unakumbuka bangili ya mama?"

"Mambo ya utotoni hayo."

"Tangu utotoni ukiiba kitu unakikalia. Simama."

"Lovina, usinivunjie heshima mbele ya..."

"Simama, dada!"

Nilisimama. Aliutwaa mto alioushona kwa mikono yake, akaona mshono ambao si wake, akaufumua kwa meno. Manyoya yakamwagika, na kadi ikafuata. Siku za mwizi ni arobaini, wazee wanasema. Zangu zilikomea thelathini na saba.

"Ulinipikia supu," Lovina alisema. Hakupaza sauti. "Ulikaa juu yake ukanipikia supu."

"Alinitukana humo. Soma uone alivyonitukana."

Hakuisoma. Alimpa Postamasta, naye akaitazama kwa lenzi, na nikaona nyusi zake zikipanda hadi kwenye upara.

"Bi Orpha, hii imetoka wapi?"

"Seattle. Imeandikwa hapo juu, Seattle, Agosti 14."

"Umesoma alichoandika. Soma ilichogongwa."

Akanisogezea lenzi. Muhuri ulikuwa mweusi, mviringo, haukuhitaji hata lenzi. Rensford, 28 Agosti, saa kumi na moja jioni.

Rensford! Maili arobaini kutoka Stowell Falls, kwenye reli yetu hiihii. Mimi ninayejua treni ya kila stempu, ninayewadharau wanaosoma maneno, siku ile nilisoma maneno tu, kwa sababu yalinihusu. Nilikalia ushahidi wote kwa siku thelathini na saba huku nikiloweka stempu kutafuta ushahidi. Kama ningeigonga na kuitoa dirishani siku ileile, Lovina angeuona muhuri, na gauni lisingekatwa, na nusu ya mji isingealikwa.

"Ilifikaje Rensford?" mama aliuliza. "Delbert alipita huko akienda?"

Lovina alikuwa ameichukua tena na kuigeuza upande wa picha. Picha ya jengo kubwa jeupe la Maonyesho, na mbingu nyingi juu yake. Katika mbingu hizo kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya mkono nadhifu wa mwanamke. Alisoma kwa sauti.

"Nimeiokota ndani ya bitana ya koti la mume wangu nikishona mfuko uliotoboka. Naona ina stempu tayari, kwa hiyo naitumbukiza. Samahani kwa kuchelewa."

Mama alisogea kuyaona maandishi. "Mume wa nani?"

"Mume wangu wa Jumamosi, mama."

Kikapu cha biskuti kilianguka chini, na hakuna aliyekiokota. Nje, mlinzi wa stesheni alikwisha anza kuvuta mkokoteni wa mizigo. Zilibaki dakika nane.

Lovina alivaa kofia yake mbele ya kioo cha kabati la posta, akaifunga utepe vizuri sana. "Bwana Stroud, naomba hiyo kadi. Nakwenda kumpokea mchumba wangu."

Mzee alikuwa ameirudisha mkononi mwake, na hakuitoa. "Siwezi, binti. Haina muhuri wetu wa kupokelea. Kadi ambayo haijapokelewa bado iko njiani, na iliyo njiani ni ya Serikali. Inapaswa kwenda kwa mkaguzi."

"Itarudi lini?"

"Labda Krismasi."

"Harusi ni Jumamosi!"

"Harusi tutaivunja kwa mdomo," mama alisema, akinitazama mimi. "Jiko hili hapa linawaka. Itieni humo. Orpha atapona na huyu mwanaharamu ataondoka."

"Kwa mdomo atanishinda, mama. Amenishinda miezi mitatu kwa senti moja moja. Atasema Orpha ana wivu, atasema stempu ni stempu, nami nitamwamini. Najijua. Nikiwa na hii mkononi sitamwamini."

Postamasta alikohoa. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake, karibu ya upole. "Makabati haya ni mabovu," alisema. "Kadi huweza kudondoka nyuma. Nikiandika kwamba ilidondoka nyuma ya kabati, mkaguzi ataipokea kama iliyopotea, wala hatamuuliza karani chochote. Useme tu, Bi Orpha. Ilidondoka?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeteremshiwa kamba. Neno moja tu. Kadi ingepanda treni kwenda kwa mkaguzi, mimi ningebaki na kigoda changu, na Lovina angeshuka kwenye jukwaa la stesheni mikono mitupu, mbele ya yale meno mazuri.

Nilitaka kulisema. Msinifanye bora kuliko nilivyo. Nilifungua mdomo kulisema.

Kisha nikamwona mdogo wangu akiokota manyoya ya mto wake kwenye sakafu, moja moja, huku kofia iko kichwani, kwa sababu mikono yake haikujua pa kwenda.

"Bwana Stroud," nikasema, "bado mimi ni karani wako?"

"Hadi nitakapokufukuza."

"Basi niletee kadi yangu. Ina kazi haijamalizwa."

Aliitoa taratibu. Nikairekebisha tarehe kwenye chuma, nikakichovya kwenye wino, nikagonga. Stowell Falls, Oktoba 6, 1909, imepokelewa. Sikuwahi kugonga muhuri uliosomeka vizuri namna ile. Maili arobaini kwa siku thelathini na tisa, na mwenye macho haambiwi tazama.

Nikaenda nyuma ya dirisha, nikalifungua, kama sheria inavyotaka. Lovina akaja upande wa pili.

"Bi Lovina Whitbeck," nikasema. "Una kadi."

Aliipokea. Aliutazama ule muhuri mpya, wino wake ukiwa bado unang'aa, akaupulizia ukauke usije ukachafuka.

"Asante, karani," alisema.

Hakuniita dada.

Treni ilipiga honi kwenye daraja. Postamasta alivuta daftari la wafanyakazi akanisogezea kalamu nikate jina langu, bila kunitazama, na mama akakaa kwenye kigoda changu, juu ya mbao tupu. Kupitia dirishani nilimwona Delbert akishuka ngazi ya kwanza ya behewa, kofia mpya ya kimagharibi kichwani, mikono ameifungua wazi. Koti lake lilikuwa limeshonwa mfuko kwa uzi mzuri sana. Na Lovina alikuwa akimwendea, wala hakimbii, ameinyanyua ile kadi kwa upande wa picha.